Udanganyifu katika biashara ya asali ni mzigo wa kijiji kizima

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma katika kata ya Kasekese, wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya ufugaji wa nyuki. Kwa kawaida mtu anayepewa kazi hiyo huanza kwa kuisifu asali, akaeleza faida zake kwa afya, akataja utajiri wa misitu yetu ya miombo, kisha akawahimiza wananchi waongeze mizinga. Hayo yote ni kweli, na yamekwisha semwa mara nyingi. Leo naomba ruhusa yenu niseme jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona sokoni na vilabuni lakini halifikishwi mezani. Jambo lenyewe ni udanganyifu katika biashara ya asali.

Sizungumzii makampuni makubwa. Nazungumzia biashara ndogo ndogo tunazozijua: mfugaji mwenye mizinga hamsini au mia msituni, mchuuzi mwenye pikipiki na madumu, na mnunuzi anayefika kijijini msimu wa kurina akiwa na fedha taslimu mfukoni. Watu hawa watatu ndio wanaobeba biashara ya asali ya Katavi. Wakiwa waaminifu, sote tunafaidi. Wakidanganyana, hasara haiwaishii wao, bali hukifikia kila mwenye mzinga, hata yule ambaye hajawahi kuongeza tone moja la maji katika asali yake.

Nimechagua kulisema jambo hili mbele ya walimu na watumishi kwa sababu mbili. Kwanza, ninyi ndio mnaojua kusoma mizani, kuandika daftari na kueleza sheria. Pili, na hii si rahisi kuisikia, baadhi yetu tumo katika biashara hiyo hiyo, ama kwa kununua, ama kwa kuuza, ama kwa kupokea.

KAZI YA WAZEE

Ndugu zangu, kazi ya nyuki katika sehemu hizi ni ya zamani kuliko ofisi yoyote ya Serikali. Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na Watongwe walitundika mizinga mitini kabla ya kuja kwa Wajerumani. Kwa muda mrefu bidhaa iliyotafutwa zaidi na wafanyabiashara wa nje ilikuwa nta, na asali ilinywewa nyumbani au kutengenezewa pombe. Serikali ya kikoloni ya Mwingereza ilianzisha idara ya ufugaji nyuki mwaka 1949. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, wafugaji wa Tabora waliunda chama chao cha ushirika, na Tabora hiyo hiyo ikawa makao ya chuo cha kufundishia ufugaji nyuki. Ikaja Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998, kisha Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, ambayo inakiruhusu hata kijiji kutenga hifadhi yake ya nyuki.

Mkoa wetu wa Katavi ulipozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, ulirithi sifa hiyo. Jirani zetu wa Inyonga wana chama cha wafugaji kinachojulikana. Ndugu Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, aliihimiza kazi hii nchi nzima, hata watu wa mijini wakaanza kuulizia mizinga. Tanzania huhesabiwa kuwa ya pili kwa asali katika Afrika, nyuma ya Ethiopia. Makadirio ambayo Serikali imeyataja kwa miaka mingi ni kwamba nchi yetu ina uwezo wa kutoa tani 138,000 za asali kwa mwaka, na tunachovuna ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Basi hatukosi miti, hatukosi nyuki, wala hatukosi ujuzi wa kurithi. Tunachoanza kukikosa ni kuaminiwa.

NAMNA UDANGANYIFU UNAVYOFANYIKA

Hapana budi tuyataje mambo kwa majina yake.

La kwanza ni kurina asali kabla haijaiva. Nyuki huleta mzingani maji matamu ya maua, yaani mbochi, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Huyapunguza maji hayo kwa kuyapepea kwa mabawa, na asali inapoiva hufunika vitundu vya masega kwa nta. Kile kifuniko ndicho cheti cha nyuki mwenyewe. Mtu anayerina masega yasiyofunikwa, kwa kuogopa kuwahiwa na mwizi au kwa haraka ya fedha, anauza kitu ambacho hakijawa asali. Kitachacha ndani ya dumu, kitatoa povu, na mnunuzi atasema asali ya Kasekese ni mbovu.

La pili ni kuongeza maji, sukari iliyochemshwa, sukari guru au molasi. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex, vinataka asali isizidi maji asilimia 20. Chukueni asali nzuri yenye maji asilimia 18. Toeni lita mbili katika ndoo ya lita 20 na kujaza lita mbili za maji mahali pake. Maji ndani ya ndoo hiyo yatapanda hadi karibu asilimia 24. Mdanganyifu amejipatia lita mbili, lakini ndoo nzima amekwisha iua, kwani hamira za asili zilizomo zitaanza kazi yake.

La tatu ni kukamua masega yote kwa pamoja, yenye asali, yenye chavua na yenye majana, ili ndoo ijae upesi. Kuna hali kadhalika matumizi ya vyombo visivyofaa: madumu yaliyobeba mafuta ya taa au dawa za kunyunyizia tumbaku, na chupa za pombe zilizookotwa zikasuuzwa kwa maji baridi. Asali hushika harufu ya chombo haraka. Na sumu haina harufu kila mara.

La nne ni uongo wa majina. Asali ya nyuki wadogo wasiouma hupatikana kwa uchache, na bei yake ni kubwa kuliko ya nyuki wakubwa. Basi utamkuta mchuuzi ameongeza maji katika asali ya kawaida ili iwe nyepesi, akaongeza ndimu ili iwe na uchachu, akaiita asali ya nyuki wadogo. Mnunuzi ni mgonjwa anayetafuta dawa ya kifua. Huo si ujanja wa biashara, ni wizi.

La tano ni kurina mizinga ya wenzio usiku. Kila mfugaji hapa anajua uchungu wa kutembea maili nyingi msituni na kuukuta mzinga umefunguliwa, masega yametolewa, na nyuki wamechomwa kwa kienge cha moto. Asali hiyo ya wizi haiwezi kukaa nyumbani, hivyo huuzwa upesi kwa bei yoyote, na anayeinunua bila kuuliza anamlipa mwizi mshahara.

La sita ni kuuibia msitu wenyewe. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuvua gome zima la shina, mduara mzima. Walimu wa sayansi wanajua matokeo yake: njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizi imekatwa, na mti ule utakufa. Mti uleule ambao ungetoa maua mwaka hadi mwaka umeuawa ili upatikane mzinga wa misimu michache. Mfugaji anahesabu kwamba amepata mzinga bure. La hasha! Amelipa kwa mti wa kijiji, na hakumwuliza mtu. Katika wilaya hii yetu kuna vijiji, kama vile Katuma na Mwese, ambavyo vimeanza kulipwa fedha kwa kuutunza msitu kutokana na biashara ya hewa ukaa. Kwa hiyo hakuna tena anayeweza kusema kwamba mti uliosimama hauna bei.

MLANGUZI NA NDOO YAKE

Hata hivyo tutakuwa watu wa uonevu tukimlaumu mfugaji peke yake. Tumtazame sasa anayenunua.

Mnunuzi huja na ndoo ya lita 20. Anamwambia mfugaji kwamba hiyo ni ndoo ya kilo 20, naye anakubali, kwani lita na kilo katika masikio ya wengi ni kitu kimoja. Kwa maji ni sawa, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa asali si sawa hata kidogo. Asali ni nzito: lita moja ina uzito wa karibu kilo moja na gramu 400. Ndoo ya lita 20 ikijaa, uzito wake ni karibu kilo 28.

Tufanye hesabu ya mfano tu, kama tunavyowafundisha watoto. Tuseme bei waliyokubaliana ni shilingi 5,000 kwa kilo. Mnunuzi analipa kilo 20, yaani shilingi 100,000. Uzito wa kweli ungelipwa shilingi 140,000. Katika kila ndoo mfugaji ameacha shilingi 40,000. Mwenye ndoo kumi ameacha shilingi 400,000, na wala hajui kwamba ameziacha. Mnunuzi akifika mjini hauzi tena kwa ndoo. Anauza kwa mzani.

Na ndoo yenyewe mara nyingine imepashwa moto ikatanuliwa, au imejazwa mpaka ukingoni pamoja na "nyongeza" ya bakuli moja. Ni lumbesa ileile ya magunia ya viazi na vitunguu, imehamia kwenye asali.

Baya zaidi ni mkopo wa wakati wa njaa. Miezi ya mvua, chakula kinapopungua ghalani na ada na sare zinapodaiwa, mlanguzi huja na fedha kidogo au mfuko wa unga. Anasema, "Utanilipa kwa asali." Asali bado haijakuwamo mzingani, hata maua hayajachanua, lakini bei imekwisha pangwa na mwenye shida hana nguvu ya kubishana. Wakati wa kurina ukifika, mfugaji anakuta asali yake si yake. Huo ndio unyonyaji katika sura yake ya wazi kabisa, maana jasho ni la mmoja na bei inapangwa na mwingine.

DHULUMA HAILIPIZWI KWA DHULUMA

Sasa nimefika kwenye moyo wa mazungumzo haya. Ukimwuliza mfugaji anayeongeza maji katika asali kwa nini anafanya hivyo, hatasema kwamba yeye ni mwovu. Atasema, "Yeye ananiibia kwa ndoo, nami namrudishia kwa maji. Tumelingana." Hoja hii ina nguvu, na wengi wanaikubali kimoyomoyo. Tusiidharau. Tuichunguze.

Je, ni kweli kwamba wamelingana? Mlanguzi akifika mjini huimimina asali ya ndoo zote katika pipa moja. Ndoo ya mwenye maji na ndoo ya mwenye asali safi huchanganyika. Pipa likichacha, mlanguzi hupoteza fedha mara moja, lakini msimu unaofuata anazirudisha: anashusha bei kwa kijiji kizima. Hana njia ya kumjua nani alitia maji na nani hakutia, kwa hiyo anawahesabu wote kuwa watia maji. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Aliyelipa ile hasara si mlanguzi. Ni mama mjane wa jirani, mwenye mizinga sita, ambaye asali yake ilikuwa safi.

Jambo hili limeelezwa na wataalamu. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, ambaye baadaye, mwaka 2001, alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, aliandika juu ya soko la magari yaliyokwisha tumika. Alionyesha kwamba pale mnunuzi anaposhindwa kutofautisha kizuri na kibovu, hutoa bei ya katikati. Bei hiyo humfaa mwenye kibovu na humuumiza mwenye kizuri. Mwenye kizuri hujitoa sokoni, na kinachobaki ni vibovu. Mzee wa Kasekese hakusoma makala hiyo, lakini amekwisha yaona hayo kwa macho yake: wafugaji wazuri wanaacha kuuza kwa mlanguzi, wanapeleka chupa moja moja kwa ndugu zao Mpanda, na ndoo zinazojaa sokoni ni za wale wasiojali.

Wala tusidhani kwamba uovu huu ni wa maskini tu. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa asali iliyokuwa ikiingizwa katika nchi zake. Kati ya sampuli 320, sampuli 147, yaani asilimia 46, zilishukiwa kuchanganywa na sukari za viwandani. Hizo ni shehena za mataifa makubwa, zenye hati na mihuri. Mwaka 2024 nchi hizo zilibadilisha sheria ili chupa ya asali iliyochanganywa ionyeshe kila nchi ilikotoka na kwa kiasi gani.

Ndugu zangu, habari hiyo ina funzo la kutuamsha. Dunia imejaa asali ya uongo, na kwa hiyo dunia inaitafuta asali ya kweli. Asali ya miombo, inayotoka mbali na viwanda, ina nafasi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Hapa kwetu Bandari ya Karema imejengwa kwenye Ziwa Tanganyika, ikiitazama Congo. Njia zinafunguka. Je, tutapeleka nini katika njia hizo? Tukipeleka maji ya sukari, tutakuwa tumeikimbia bahati yetu wenyewe.

MAJARIBIO YA UONGO

Hapa nawaomba walimu wanisikilize kwa makini, kwani elimu potofu nayo inasaidia udanganyifu.

Watu husema asali ya kweli ukichovya njiti ya kibiriti itawaka, au sisimizi hawaigusi, au ukiidondosha katika maji inazama bila kutawanyika. Majaribio haya hayathibitishi kitu. Sharubati nzito ya sukari hufaulu mengi kati ya hayo. Hata chombo kizuri cha kupimia maji katika asali, ambacho mabwana nyuki hukitumia, hukuambia kiasi cha maji tu. Hakikwambii kama sukari iliyomo imetoka katika ua au katika duka. Sukari ya miwa na ya mahindi hutambulikana maabara, kwa sababu mimea hiyo huijenga kaboni kwa njia tofauti na miti mingi inayotoa mbochi, na alama ya tofauti hiyo hubaki ndani ya sukari.

Vilevile watu husema asali inayoganda imetiwa sukari. Si kweli. Asali nyingi safi huganda kwa kawaida yake, kwa sababu ya glukosi iliyomo. Imani hiyo imeleta madhara makubwa: mfugaji mwaminifu akikuta asali yake imeganda anaogopa kukataliwa, anaichemsha motoni, na hapo ndipo anaiharibu. Mteja asiye na elimu amemsukuma mtu mwema kufanya kosa.

Kwa kuwa hatuna maabara Kasekese, na hakuna jaribio la jikoni linaloweza kuchukua nafasi yake, hatuwezi kutegemea kumkamata mdanganyifu kwa kuonja. Tunahitaji utaratibu unaomwonyesha kila mtu ndoo ilitoka wapi.

SISI WATUMISHI

Kabla sijafika huko, nitasema neno juu yetu.

Kuna mtumishi anayekwenda kijijini kikazi na kurudi na dumu la lita tano ambalo hakulilipia. Huitwa zawadi. Lakini zawadi hutolewa kwa hiari, na mfugaji anayehitaji barua, kibali au sahihi hana hiari. Lita tano ni karibu kilo saba. Mwenye mizinga michache akiwapa watumishi watatu, ametoa zaidi ya kilo ishirini bila risiti. Mtu huyo akija kuambiwa na watumishi wale wale kwamba asiibie wateja, atatabasamu na kunyamaza. Tunajua maana ya tabasamu hilo.

Kuna mtumishi mwingine ambaye mshahara wake wa mwezi, mdogo kama ulivyo, ni mtaji mkubwa kijijini. Huutumia kukopesha wakati wa njaa na kudai asali wakati wa mavuno. Hatofautiani na mlanguzi ila kwa kitambulisho cha kazi. Sisemi kwamba mwalimu au mganga asifuge nyuki au asifanye biashara. Afuge, auze, tena awe mfano. Ninachosema ni kwamba asimfunge mtu kwa deni la unga huku akishika kalamu ya Serikali kwa mkono wa pili.

LA KUFANYA

Ndugu Mwenyekiti, lawama bila mpango ni kelele. Napendekeza mambo matano, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, mzani. Kijiji kiwe na mzani mmoja uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, uwekwe mahali pa wazi, na asali yote inayouzwa kwa jumla ipimwe hapo kwa kilo. Mtu akiuliza fedha za mzani zitatoka wapi, nimjibu kwa hesabu ile ile ya mfano. Shilingi 40,000 zinazoachwa katika ndoo moja, zikikusanywa kutoka ndoo za wafugaji kadhaa wa msimu mmoja tu, zitanunua mzani. Tumekuwa tukiulipia mzani kila mwaka bila kuupata.

Pili, alama na daftari. Kila ndoo iandikwe alama ya mfugaji, siku ya kurina na sehemu ya msitu ilikotoka, na hayo yaandikwe katika daftari la kijiji kabla ndoo haijapandishwa garini. Hii ndiyo dawa ya pipa la mchanganyiko. Ndoo yenye jina haimpi mwizi raha, maana atalazimika kueleza mizinga yake iko wapi. Wala haimpi mtia maji raha, maana ikichacha itarudi kwake peke yake. Na mwaminifu atapata kitu ambacho hajawahi kuwa nacho: jina linaloweza kudai bei.

Tatu, makubaliano ya kurina. Wafugaji wakubaliane kwamba asali hairinwi mpaka masega yafunikwe, na kwamba masega yenye majana yanaachwa. Wakubaliane juu ya vyombo: ndoo za chakula zenye vifuniko, si madumu ya dawa. Wakubaliane pia kwamba gome la mti mzima halivuliwi tena, bali mizinga itengenezwe kwa mbao au magogo ya miti iliyokwisha anguka. Halmashauri ya kijiji inao uwezo wa kutunga sheria ndogo, uwezo unaotokana na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Tuutumie.

Nne, kuuza kwa pamoja. Mfugaji mmoja akimkatalia mlanguzi, mlanguzi anakwenda nyumba ya pili. Wafugaji arobaini wakiwa na ghala moja, mlanguzi hana nyumba ya pili ya kwenda. Najua wazee wengine watakunja uso wakisikia neno ushirika. Wanakumbuka kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na mwaka 1982 vikarejeshwa, na wanakumbuka madeni ambayo hayakulipwa na makatibu waliojenga nyumba. Wana haki ya kukumbuka. Funzo lake lakini si kwamba kila mtu auze peke yake gizani. Funzo ni kwamba chama kisicho na hesabu za wazi ni mlanguzi mwingine mwenye bendera. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi wa mauzo, na msomaji wa hesabu awe mwalimu asiye na mzinga wala mkopo.

Tano, shule. Hesabu ya lita na kilo za asali ifundishwe darasani, kwa ndoo halisi na mzani halisi. Mtoto akirudi nyumbani na kumwambia baba yake kwamba ndoo ile ni kilo 28, somo hilo litakuwa limelipa. Shule yenye eneo la kutosha inaweza kuwa na mizinga yake, mbali na madarasa kwa usalama wa watoto, na kila chupa inayouzwa iwe na tarehe na jina la shule.

Sitaki kuwadanganya kwamba msimu wa kwanza utakuwa mwepesi. Baadhi ya wanunuzi watasusia wakiona mzani. Wataondoka na kusema Kasekese kuna maneno mengi, watakwenda kununua vijiji vingine kwa ndoo zao zilizotanuliwa. Kuna familia ambayo itaikosa fedha ya haraka wakati inaihitaji sana, na ndiyo itakayokuwa ya kwanza kutaka kurudi kwa mlanguzi. Familia hiyo tusiikemee. Ndiyo inayopaswa kupewa kwanza malipo ya awali kutoka katika mfuko wa wafugaji, hata yakiwa madogo, ili isiuze asali iliyo bado mtini. Utaratibu wowote usiomfikiria mwenye njaa ya mwezi wa pili utavunjwa na njaa hiyo.

Lakini asali ina sifa moja inayotusaidia katika subira. Ikiwa imeiva, imechujwa vizuri na kufungwa katika chombo safi, haiozi. Mahindi yataliwa na fukusi, nyanya zitaoza kwa wiki moja, lakini asali safi itamsubiri mnunuzi wa haki mwaka mzima bila kuharibika. Asali iliyotiwa maji haiwezi kusubiri, ndiyo maana mwenye nayo hukubali bei yoyote. Uaminifu basi si suala la dini na maadili peke yake. Ndio unaompa mfugaji nguvu ya kusema "hapana" mbele ya fedha taslimu.

Ndugu walimu, ndugu watumishi, msimu wa kurina hauko mbali. Naomba kikao hiki kisifungwe kabla hakijateua watu watatu wa kwenda kwa Afisa Mtendaji kuulizia mzani na daftari, na kabla kila mmoja wetu hajakubali kwamba dumu lake la kwanza la asali mwaka huu atalilipia kwa kilo.